Baiskeli za zamani Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matunzo na vipuri

Tanga ni tambarare, ndiyo maana baiskeli ya chuma yenye uzito wa karibu kilo 20 bado inaendeshwa kila siku kutoka Pongwe hadi soko la Mgandini, na mkaa juu yake. Maswali haya ni yale wanayouliza watu wanaofika kwa mafundi wa Ngamiani na baiskeli ya babu, au waliyoinunua kwa jirani aliyehamia bodaboda. Yanaanza na ya msingi, magumu yako mwishoni. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Kuijua baiskeli yako

Baiskeli ya zamani ni ipi? Hata Phoenix yangu imo?

Imo. Tunazungumzia baiskeli za fremu ya chuma, tairi 28, breki za vyuma badala ya waya, madigadi ya bati, na mikono ya pedeli iliyobanwa kwa kotapini, yaani pini ya chuma inayoushika mkono kwenye ekseli. Umbo hilo lilianzia Uingereza, kisha viwanda vya Shanghai (Phoenix) na vya Ludhiana, India (Hero na Avon) vikalifuata karibu sawasawa. Kwa hiyo ushauri mwingi hapa unazihusu zote. Zinapotofautiana tutasema, kwa sababu ni hapo hasa watu wanapoharibu mali.

Nitajuaje kama hii ni Raleigh, Humber au Rudge ya kweli?

Usiamini nembo ya mbele peke yake. Nembo hufungwa kwa skrubu au ripiti ndogo, na katika miaka hamsini inaweza kuwa imehamia fremu tatu tofauti. Tazama giya kubwa la mbele, lile linalozungushwa na pedeli. Kwenye Raleigh chuma chake kimekatwa kwa umbo la vichwa vya korongo. Humber ina vijitu vilivyosimama kwa duara, na nyingi zina foku yenye miguu miwili miwili kila upande. Rudge ina kiganja cha mkono. Zote tatu ziliishia nyumba moja, maana Raleigh ya Nottingham iliichukua Humber mwaka 1932 na Rudge mwaka 1943. Ndiyo maana vipuri vya hizo za baadaye huingiliana.

Kama ina gia tatu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, pangusa grisi kwenye ganda la habu usome. Habu nyingi za Sturmey-Archer, kampuni ya Kiingereza ya habu za gia, zimegongwa mwaka na mwezi: 62 5 maana yake Mei 1962. Huo ni umri wa habu, si lazima uwe wa fremu.

Kwa nini nijisumbue kujua? Si vipuri vyote vya baiskeli 28 vinafanana?

Havifanani, na ukisoma jibu moja tu hapa, liwe hili. Raleigh na dada zake zilitumia thredi ya kiwanda chao, meno 26 kwa inchi moja, kwenye kichwa cha foku na kwenye vikombe vya gololi vya katikati, pale ekseli ya pedeli inapozungukia. Baiskeli nyingine nyingi zina meno 24. Nati ya meno 24 ukiipeleka kwenye foku ya Raleigh itaingia mizunguko miwili, kisha itakaza. Fundi mwenye haraka atachukua spana ndefu aendelee. Akimaliza, nati imekaa na thredi ya foku imekwisha, na foku ya Raleigh huipati dukani.

Sheria ni fupi: kipuri kinachoingia kwa vidole bila kulazimishwa ndicho chako. Kikikaza mapema, rudi nacho dukani. Nenda na kile cha zamani mfukoni hata kama kimechakaa vibaya, kwa sababu ndicho kipimo chako.

## Kutu na mafuta

Nakaa Raskazone na upepo wa bahari unaimaliza. Nifanye nini?

Chumvi ndiyo adui, na chumvi haiondoki kwa mafuta. Ukiipaka baiskeli mafuta juu ya chumvi umeifungia ndani. Ifute kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, ikaushe, ndipo upake mafuta mepesi au vaselini kidogo kwenye sehemu za kromu. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mtu wa pwani. Ukiipitisha mchangani kwenye maji ya bahari, usingoje wiki, ifute siku hiyo hiyo.

Usiifunike kwa turubai la nailoni. Unyevu wa usiku unabaki humo na asubuhi unakuta matone chini ya bomba la juu. Kanga kuukuu ni bora mara kumi.

Kutu ya juu juu kwenye kromu huondoka kwa karatasi ya alumini iliyokunjwakunjwa na kulowekwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, haiikwaruzi. Vipuri vidogo, kama nati na vyuma vya breki, unaweza kuviloweka kwenye siki au maji ya limao usiku mmoja, kisha uvisuuze kwa maji yenye magadi, uvikaushe na uvipake mafuta hapo hapo. Ukivisahau siku tatu, tindikali itaendelea kula chuma chenyewe. Na kromu iliyokwisha kuchimbika vidoto vyeusi hairudi, hata mtu akuuzie dawa gani.

Mafuta ya nazi je? Nyumbani yapo tele.

Yaache jikoni. Yakikaa kwenye mnyororo yanageuka gundi, yanashika vumbi, na baada ya miezi michache unakwangua kwa kisu.

Na oili chafu ya gari?

Ina masizi na chembe za chuma za injini, na chembe hizo kwenye gololi zinafanya kazi ya msasa. Ipake ndani ya madigadi na chini ya keria, mahali ambapo hakuna kinachozunguka. Kwenye mnyororo tumia oili safi ya injini. Gololi zinataka grisi.

Nifungue kila kitu mara ngapi?

Kwa baiskeli inayotumika kila siku, fungua habu, katikati na kichwa cha foku mara moja kwa mwaka, masika yakishapita. Mnyororo upanguse na kuutia oili kila baada ya wiki mbili au mvua ikiunyeshea. Zaidi ya hapo ni kumpa fundi hela ya bure.

## Tairi, ringi na breki

Nimenunua tairi 28 na haiingii kwenye ringi 28. Nimetapeliwa?

Hujatapeliwa, umeuziwa 28 nyingine. Jina "28" linabeba saizi zaidi ya moja. Baiskeli zetu za breki za vyuma zinatumia 28 x 1½, na ubavuni mwa tairi utaona imeandikwa 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo cha ringi kwa milimita, pale tairi linapokaa. Baiskeli za mtumba zinazoshushwa bandarini mara nyingi zina tairi lenye 622, nalo pia watu wanaliita 28. Tofauti ni milimita 13, na haijalishi una nguvu gani, tairi la 622 halipandi kwenye ringi ya 635. La 635 kwenye ringi ya 622 linapanda kwa urahisi mno, kisha linachomoka ukiwa barabarani.

Baiskeli nyingi ndogo za Kiingereza, hasa zile za kike zenye gia tatu, zinatumia 26 x 1⅜, ambayo ni 590. Soma namba ya tarakimu tatu na uache kusikiliza jina. Tyubu haina tatizo hilo, inanyooka. Ya 28 inakubali zote mbili.

Nijaze upepo kiasi gani?

Tairi la 28 x 1½ linataka kama psi 45 hadi 55. Ukibeba mzigo, nenda juu, na ujaze zaidi nyuma. Tairi lisilo na upepo wa kutosha ndilo linalopasuka ubavuni, watu wakasingizia ubovu wa tairi. Kama unapungua usiku kucha bila pancha, badilisha kimpira cha vali kabla ya kutafuta tundu. Vali za kizamani zina kimpira chembamba kinachooza, nacho ni cha bei ya pipi.

Breki zangu za vyuma hazishiki. Nibadilishe ziwe za waya?

Subiri kwanza. Breki hizi zinabana ringi kwa ndani, upande unaotazama habu, wala si ubavuni. Kwa sababu hiyo ringi ikipinda kidogo kulia au kushoto haizisumbui sana, lakini ikiwa na nundu ya juu na chini, raba itashika mahali na kuachia mahali. Zungusha gurudumu huku umeweka kidole karibu na ringi, uone kama linapanda na kushuka. Kama ndivyo, tatizo ni spoki.

Kisha kagua viungo. Kila fito lina nati yake ndogo, na kila nati iliyolegea inakula sehemu ya mvuto wa mkono wako. Zikaze zote, rekebisha urefu wa fito ili raba ikae milimita 2 au 3 kutoka kwenye ringi, na kwangua raba kwa msasa kuondoa ule uso unaong'aa. Mara nyingi breki inarudi bila kununua kitu.

Mvua ni habari nyingine. Ringi ya kromu ikilowa inateleza, na hakuna marekebisho yatakayoiponya. Anza kubana mapema, uchelewe kufika. Kuhusu breki za waya: zinabana ubavu wa ringi, na ringi ya breki za vyuma ubavu wake ni wa mviringo, hauna sehemu bapa ya kushikwa. Kwa hiyo ukibadilisha breki unabadilisha na ringi, na tayari umeanza kujenga baiskeli nyingine.

Nimenunua ringi mpya, fundi anasema matundu hayalingani.

Baiskeli nyingi za Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na nyingi za India na China zilifuata hivyo hivyo. Za baadaye zina 36 kila upande. Hesabu matundu ya habu kabla ya kununua. Yupo fundi atakayekwambia anaweza kusuka ringi ya 36 kwenye habu ya 40 kwa kuruka matundu. Anaweza kweli, na gurudumu litazunguka, ila siku utakayobeba gunia la nazi utajua kwa nini haifanywi.

## Gololi, kotapini na katikati

Kuna mlio wa "kra, kra" chini ya miguu. Ni nini?

Kabla ya kulaumu gololi, shika mikono yote miwili ya pedeli na uitikise, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mmoja ukicheza huku mwingine umetulia, ni kotapini. Ikicheza yote pamoja kulia na kushoto, ni gololi za katikati au kikombe kimelegea. Isipocheza kabisa na mlio upo, kagua pedeli zenyewe na chuma kinachobeba siti. Siti inalia kama pedeli, na inadanganya watu wengi.

Kotapini inatolewaje bila kuvunja kitu?

Hapa nyundo imeua baiskeli nyingi kuliko kutu. Kotapini ni pini ya chuma yenye upande mmoja bapa unaobana ekseli. Ncha yake ina thredi laini na nati ndogo. Fundi anayeigonga hewani, bila kuweka kitu chini ya mkono wa pedeli, anapeleka nguvu yote kwenye gololi na vikombe, na pini inapinda pale penye thredi.

Fanya hivi. Tia dizeli kidogo pande zote mbili za pini jioni, uache mpaka asubuhi. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, usiitoe, maana ndiyo inayolinda thredi. Tafuta kipande cha bomba la maji, ukisimamishe sakafuni kiwe kirefu kiasi cha kufika chini ya mkono wa pedeli, kikiuzunguka upande wa kichwa cha pini. Mkono ulale juu ya bomba kabisa kusiwe na nafasi. Sasa piga mara moja, kwa nguvu, wima. Vigongo vidogo kumi vinaifanya ncha ivimbe kama uyoga na hapo itabidi kutobolewa. Kama kuna jiliwa kubwa karibu, bana pini kwayo badala ya kupiga. Ni njia bora kuliko zote.

Kurudisha: Raleigh nyingi zinachukua pini ya milimita 9.5, baiskeli nyingine nyingi ni milimita 9. Pini ya 9 kwenye tundu la 9.5 inaingia vizuri na italegea kabla hujafika Kange. Pini mbili zielekee pande tofauti, kichwa kimoja juu na kingine chini pedeli zikiwa zimelala, la sivyo mikono haitakaa kwenye mstari mmoja. Ziingize kwa nyundo, bomba likiwa chini, ndipo ukaze nati. Nati kazi yake ni kushikilia, si kuvuta. Endesha siku moja, kisha piga tena na ukaze tena.

Kikombe cha katikati upande wa mnyororo kimekataa kufunguka.

Huenda unakikaza. Upande wa kulia thredi inakwenda kinyume, kwa hiyo kinafunguka kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Pedeli ya kushoto nayo ni hivyo hivyo. Kama gololi hazina tatizo, kikombe cha kulia kiache mahali pake, unaweza kukisafisha kikiwa hapo hapo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Nibadilishe gololi lini, na za saizi gani?

Toa gololi moja, ioshe kwa mafuta ya taa, iangalie mwangani. Nzima inang'aa pande zote. Mbovu imefifia, ina vidoto au utepe wa kijivu kuzunguka tumbo lake. Ukikuta moja mbovu, badilisha zote za upande huo, kwa sababu gololi mpya kati ya zilizochakaa ni kubwa kidogo kuliko wenzake na itabeba mzigo wote peke yake.

Habu ya mbele kwa kawaida ni 3/16, habu ya nyuma na katikati ni ¼, kichwa cha foku ni 5/32. Zote ni inchi. Halafu angalia koni, kile chuma cha kwenye ekseli kinachobana gololi: pitisha ukucha kwenye njia ya gololi. Ukikwama kwenye kishimo, koni imekwisha, na kuweka gololi mpya juu yake ni kuzipoteza.

Ukifunga, kaza koni mpaka gurudumu lisicheze kabisa pembeni, kisha linyanyue. Likiwa sawa, uzito wa vali peke yake unatosha kulizungusha taratibu mpaka vali itulie chini. Likigoma, umekaza mno.

## Mnyororo na gia

Nitajuaje mnyororo umekwisha?

Pima kwa rula kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake. Mpya ni inchi 12 kamili, yaani milimita 305 hivi. Ukifika 307, nunua mwingine, ule mpana wa ½ x ⅛. Ukichelewa unaanza kula meno ya giya la mbele, na lile la korongo au la vijitu hulipati kwa urahisi. Mnyororo ni rahisi, giya ni ghali: toa kafara cha rahisi.

Acha ulegevu wa sentimita moja hivi katikati, na kile kibanio cha kiungo, upande wake uliofungwa utazame mbele mnyororo unakokwenda.

Gia tatu zimeacha kushika, hasa ya tatu. Habu imekufa?

Mara nyingi ni waya tu. Weka gia ya pili, kisha chungulia kwenye kidirisha cha nati ya ekseli upande wa kulia. Pale mnyororo mdogo unapoungana na kijifito chake, bega la kijifito liwe sawa kabisa na ncha ya ekseli. Rekebisha waya mpaka ifike hapo. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo hakuna gia, na waya ukikosea kidogo pedeli inaachia ghafla ukiwa umesimama juu yake. Ukiikuta hali hiyo, usiendeshe kwa kusimama mpaka uirekebishe.

Tia matone ya oili nyepesi kwenye kitundu cha habu kila mwezi. Grisi humo ndani inagandisha vijimeno na gia hazirudi. Vipuri vya ndani bado vinatengenezwa, ingawa kazi hiyo ilihama Nottingham kwenda Taiwan baada ya mwaka 2000.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Fremu imepasuka. Nipeleke kwa mchomeleaji?

Nenda kwa anayelehemu kwa shaba na gesi, kwa sababu fremu hizi ziliunganishwa hivyo tangu kiwandani. Kuchomelea kwa umeme kunaunguza bomba jembamba pembeni ya mshono, na mpasuko mpya unaanzia hapo. Ufa kwenye foku hauna mjadala: badilisha foku, ukizingatia swali la thredi hapo juu.

Baiskeli inavuta upande mmoja. Fremu imepinda?

Chukua uzi. Uzungushe kwenye kichwa cha fremu na uuvute mpaka kwenye midomo miwili ya ekseli ya nyuma. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita 2 au 3 haina shida. Zaidi ya hapo, chuma hiki kinakubali kunyooshwa bila moto na fundi mwenye subira.

Nipige rangi mpya?

Kama bado mistari ya dhahabu au maandishi yanaonekana, usiiguse. Ifute, ipake nta, iache na makovu yake. Rangi ya kupuliza ya kisasa inaficha namba ya fremu na inashusha bei kwa yeyote anayejua. Iliyooza kabisa ni sawa kupigwa, ila funga vikombe na thredi kwa utepe kwanza.

Siti ya ngozi imelegea na imekuwa ngumu.

Kaza ile nati iliyo chini ya pua ya siti, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Ipake nta ya ngozi juu na chini. Mafuta ya kupikia yanaifanya ilegee moja kwa moja.

Thredi ya mkono wa pedeli wa kushoto imeliwa. Nichomelee pedeli?

Mtu fulani aliingiza pedeli ya kulia upande wa kushoto. Ukichomelea, siku pedeli ikichakaa unatupa vyote viwili. Nunua mkono mwingine, na kabla ya kulipa angalia mambo matatu: urefu ulingane na wa kulia, tundu la kotapini liwe saizi ile ile ya pini zako, na tundu la ekseli lisicheze. Mikono ya India inaingia kwenye fremu nyingi za Kiingereza, ila tundu lake la pini kwa kawaida ni la milimita 9, kwa hiyo kama zako ni za 9.5 na umekosa mkono mwingine, utaondoka na pini ya saizi moja kulia na nyingine kushoto. Ziandike kwa rangi ya kucha ili fundi ajaye asizichanganye.